Waliodharau pikipiki ndogo: historia ya viwanda vilivyokufa na vilivyobaki

Kwenye kituo chochote cha taksi-moto, iwe Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, majina yanayosomeka kwenye matanki ni yale yale: TVS, Boxer, Haojue, Senke. Mawili ya kwanza yanatoka India, mawili mengine yanatoka China. Mteja hayaangalii sana. Yeye anauliza bei, anapanda, anaenda. Lakini kwa motari, jina hilo ni jambo kubwa: ndilo linaamua kama vipuri vitapatikana sokoni, kama mwenye pikipiki atapata pesa yake jioni, na kama chombo kitaimaliza miaka mitatu kwenye mawe na matope.

Pikipiki haikuzaliwa India wala China. Ilizaliwa Ujerumani, ikakulia Uingereza, Ubelgiji na Marekani. Katika miaka ya 1950, kampuni kubwa kuliko zote duniani iliitwa BSA, ya mji wa Birmingham, na ilijisifu katika matangazo yake kwamba kila pikipiki moja kati ya nne ilikuwa yake. Leo unaweza kuzunguka Kivu nzima bila kukutana na motari anayelijua jina hilo. Namna gani kampuni kubwa vile ilipotea, na wadogo waliochekwa wakachukua nafasi yake? Historia hiyo inawahusu pia wakaaji wa Kongo, nchi inayonunua pikipiki kila siku na isiyotengeneza hata moja.

Chombo cha mbao

Mkaaji wa Kivu akionyeshwa picha ya pikipiki ya kwanza anaweza kufikiri ni ndugu ya chukudu. Fremu yake ilikuwa ya mbao, na magurudumu yake pia yalikuwa ya mbao. Pembeni kulikuwa na magurudumu mengine mawili madogo ili isianguke. Waliyoitengeneza ni Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, huko Cannstatt karibu na Stuttgart, mwaka 1885. Moteri yake, yaani injini, ilikuwa na nusu tu ya nguvu ya farasi. Mwezi wa Novemba mwaka ule, Paul, mtoto wa Daimler, aliipanda kutoka Cannstatt mpaka Untertürkheim, safari ya kilometa chache.

Daimler hakutaka kuuza pikipiki. Alitaka kujaribu moteri yake tu, kisha akaenda kwenye magari. Waliouza pikipiki za kwanza kwa watu ni kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya Munich, mwaka 1894. Haikumaliza miaka mingi, ikafunga. Pikipiki zake zilikuwa na bei ya juu na zilisumbua kuwaka. Hilo ndilo kaburi la kwanza katika historia hii.

Mafundi wa baiskeli na wa bunduki

Waliofuata walikuwa tayari na viwanda vya kazi nyingine. Kutengeneza pikipiki kunaomba mabomba ya chuma, shene, na vipande vinavyoingiana bila kuacha nafasi. Wenye ujuzi huo walikuwa watengenezaji wa baiskeli na watengenezaji wa bunduki.

BSA yenyewe ni kifupi cha Birmingham Small Arms, yaani silaha ndogo za Birmingham. Ilianzishwa mwaka 1861 kwa kazi ya bunduki, ikaingia kwenye baiskeli, na mwaka 1910 ikatoa pikipiki. Royal Enfield ya Redditch, iliyotoa pikipiki yake ya kwanza mwaka 1901, ilipata jina lake kwa sababu ilitengeneza vipande vya bunduki kwa kiwanda cha serikali cha Enfield. Triumph ya Coventry ilianza na baiskeli. Mwanzilishi wake, Siegfried Bettmann, alikuwa Mjerumani aliyehamia Uingereza.

Ubelgiji, nchi iliyotawala Kongo, nayo ilikuwa na jina kubwa katika kazi hii. Huko Herstal, karibu na Liège, kiwanda cha Fabrique Nationale, ambacho wengi wanakijua kwa herufi mbili FN, kilianza mwaka 1889 kwa ajili ya bunduki. Mwaka 1901 kikatoa pikipiki, na mwaka 1905 kikaleta pikipiki yenye silinda nne, ajabu kubwa wakati ule. Saroléa na Gillet walikuwa majirani wake Herstal. Kabla ya miaka ya 1970 kufika, pikipiki za Herstal zilikuwa zimekwisha. FN ikabaki na silaha. Kongo iliendelea kulijua jina hilo kwa bunduki ya FAL, wakati pikipiki yake ilisahauliwa kabisa.

Marekani, Indian ilianza Springfield mwaka 1901, na Harley-Davidson ilianza Milwaukee mwaka 1903. Indian ya kwanza ilifunga mwaka 1953. Harley iliponea chupuchupu mara kadhaa. Mwaka 1981 wakuu wake 13 waliinunua kutoka kampuni iliyokuwa inaimiliki, na mwaka 1983 Rais Ronald Reagan alipandisha ushuru wa pikipiki kubwa za Japani ili Harley ipumue.

Pikipiki moja, watoto wengi

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya DKW ya Zschopau, Ujerumani, ilikuwa imefika mbele ya wote kwa wingi wa pikipiki. Mwaka 1939 ilitoa chombo kidogo cha cc 125 kilichoitwa RT 125. Kilikuwa chepesi, vipande vyake vichache, na fundi wa kawaida aliweza kukifungua na kukifunga.

Ujerumani iliposhindwa vita, michoro ya RT 125 ikawa mali ya walioshinda. Warusi walichukua mpaka mashine za kiwanda. BSA ikaigiza chombo hicho na kukiita Bantam. Harley-Davidson nayo ikatoa cha kwake. Na mwaka 1955, huko Japani, kampuni iliyokuwa inatengeneza vinanda na ala nyingine za muziki ilitoa pikipiki yake ya kwanza kwa kufuata RT 125. Kampuni hiyo ni Yamaha.

Wote hao walianza kwa kuigiza chombo kimoja. Tofauti ni kile walichofanya baadaye. BSA iliuza Bantam miaka zaidi ya ishirini kwa mabadiliko madogo madogo. Yamaha iliichukua kama darasa la kwanza, ikaendelea na la pili.

Hamamatsu, baada ya vita

Mwaka 1946, Japani ilikuwa imeungua. Treni zilijaa, esanse ilikuwa ya shida, na watu walitembea kwa baiskeli. Katika mji wa Hamamatsu, fundi mmoja aliyeitwa Soichiro Honda alikuta moteri ndogo ambazo jeshi lilizitumia kuwasha mitambo ya redio. Akaanza kuzifunga kwenye baiskeli. Esanse ilipokosekana, alichanganya mafuta yanayotoka katika mti wa msonobari. Baiskeli hizo zilitoa moshi na harufu kali, lakini watu walizinunua mpaka moteri za jeshi zikaisha. Hapo ndipo akatengeneza moteri yake mwenyewe. Mwaka 1948 kampuni ya Honda ikaandikishwa, na mwaka uliofuata akajiunga naye Takeo Fujisawa, mtu wa biashara, aliyeshika pesa na mauzo wakati Honda akishika spana.

Wakati ule Japani ilikuwa na kampuni za pikipiki zaidi ya 200. Nyingi zilikufa. Nne ndizo zilizobaki na nguvu mpaka leo: Honda, Yamaha, Suzuki iliyoanza na mashine za kufuma nguo, na Kawasaki ya meli na ndege.

Mwaka 1958 Honda ilitoa Super Cub ya cc 50. Ukiiangalia, haina kitu cha kutisha. Mtu anaipanda bila kuinua mguu juu sana, hata aliyevaa sketi. Ngao ya plastiki inazuia matope. Haina mkono wa ambreyaje: dereva anabadilisha vitesi kwa mguu tu. Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Fujisawa na Honda walimfikiria kijana anayepeleka chakula kwa wateja, mkono mmoja ukishika usukani, mwingine ukishika sinia. Chombo kilitengenezwa kwa ajili ya kijana huyo.

Mwaka 1959 Honda ilifungua duka Los Angeles. Marekani wakati ule pikipiki ilikuwa ya vijana wa fujo na makoti ya ngozi. Honda ilitangaza Super Cub kwa akina mama, wanafunzi na wazee. Mwaka huo huo ilikwenda kwenye mashindano ya kisiwa cha Man, Uingereza, ikashika nafasi ya sita katika cc 125. Mwaka 1961 ilishinda pale pale, katika cc 125 na cc 250. Na Super Cub? Mwezi wa Oktoba 2017 idadi yake ilifika milioni 100. Hakuna chombo chenye moteri, gari ao pikipiki, kilichowahi kutengenezwa kwa wingi kama huo chini ya jina moja.

Namna Birmingham ilivyorudi nyuma

Waingereza hawakukosa kuambiwa. Mwaka 1960 Edward Turner, mchoraji mkubwa wa Triumph na mkuu wa pikipiki katika kundi la BSA, alitembelea viwanda vya Japani na kuona kwa macho yake ukubwa wa kazi. Lakini wakuu wa viwanda vya Uingereza walikuwa na hesabu nyingine. Walisema pikipiki ndogo haina faida kubwa. Wajapani wawafundishe vijana kupanda cc 50. Kesho vijana hao wakipata pesa, watakuja kununua pikipiki ya kweli kutoka Birmingham ao Coventry.

Vijana walikua kweli, na walipotaka kitu kikubwa zaidi walirudi kwa yule yule aliyewauzia cha kwanza. Honda ilitoa cc 90, kisha 125, kisha 250, kisha 450. Kila mara Wajapani walipopanda ngazi moja, Waingereza waliiacha ngazi hiyo na kupanda juu, wakisema faida iko huko juu. Mwaka 1969 Honda ilitoa CB750: silinda nne, breki ya diski mbele, na kitufe cha kuwasha moteri. Pikipiki nyingi za Uingereza bado zilikuwa za kupiga teke, na oili iliyodondoka chini yake ilikuwa mzaha unaojulikana na wote. Ngazi ikawa imekwisha.

Ukaja msiba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 BSA ilianguka, na mwaka 1973 mabaki yake yakaunganishwa na Norton na Triumph kwa msaada wa serikali. Wakuu wapya walipotangaza kufunga kiwanda cha Meriden, wafanyakazi walikikalia na kuzuia milango. Mwaka 1975 wakapewa kukiendesha wenyewe kama ushirika. Walipambana mpaka 1983, kiwanda kikafungwa. Jina la Triumph likanunuliwa na mfanyabiashara wa ujenzi, John Bloor, aliyeanza upya kabisa huko Hinckley. Mwaka ule ule wa 1975, uchunguzi ulioombwa na serikali ya Uingereza ulieleza waziwazi: kampuni zilikimbia kutoka ngazi hadi ngazi kwa kutafuta faida ya haraka, wakati washindani walijenga viwanda vya kutoa wingi kwa bei rahisi.

Mtoto aliyemzika mzazi

Kipande kimoja cha Uingereza kilipona kwa sababu kilikuwa mbali. Jeshi la India lilitafuta pikipiki ya kulinda mipaka, likachagua Royal Enfield Bullet. India ilitaka pia kujitengenezea, basi mwaka 1955 kampuni ya Madras ikaungana na Waingereza kuifunga Bullet huko huko. Polepole, vipande vyote vikawa vya India. Mwaka 1970 Royal Enfield ya Uingereza ilikufa. Ile ya Madras ikaendelea bila mzazi, na mwaka 1977 ilianza kupeleka Bullet Uingereza.

Njia ya India ilikuwa hiyo hiyo kwa wengine. Serikali iliweka mlango mwembamba: mgeni aliyetaka soko la India alilazimika kushirikiana na kampuni ya India na kutengeneza ndani ya nchi. Njia hiyo ilikuwa na uchungu wake. Bidhaa zilikuwa chache, na familia zilingojea miaka mingi kupata skuta ya Bajaj. Lakini mafundi walijifunza. Bajaj ya Pune ilianza na leseni ya Vespa ya Italia, kisha mwaka 1972 ikatoa Chetak yake. Milango ilipofunguliwa kidogo katika miaka ya 1980, Bajaj ilishirikiana na Kawasaki, TVS na Suzuki, na Hero, ndugu waliokuwa wakitengeneza baiskeli Ludhiana, wakaungana na Honda mwaka 1984. TVS ilitoka katika familia iliyoanza na biashara ya basi mwaka 1911.

Kisha mmoja mmoja akasimama peke yake. TVS iliachana na Suzuki mwaka 2001. Hero na Honda walitangaza kuachana mwaka 2010. Kilichobaki India ni viwanda, wachoraji, wauzaji wa vipuri, na ujuzi wa kutengeneza pikipiki ya mtu wa kijiji: inayokunywa esanse kidogo, inayobeba watu watatu na gunia, na inayotengenezeka chini ya mti. Pikipiki ya namna hiyo haikupendeza London. Kivu iliihitaji sana.

China na somo la Vietnam

China ilifika kwa mlango mwingine. Katika mji wa Chongqing kulikuwa na viwanda vya silaha. Mwaka 1979 kimoja chao, Jialing, kiligeukia pikipiki. Katika miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi waliingia: Zongshen, Lifan, Loncin. Waligawanya kazi: huyu silinda, yule fremu, mwingine tanki, na kampuni ikafunga tu. Bei ilianguka.

Vietnam iliona nguvu ya bei hiyo, na mpaka wake pia. Karibu na mwaka 2000 pikipiki za China ziliingia kwa wingi na kuikimbiza Honda. Lakini nyingi zilichoka mapema. Mwaka 2002 Honda ilitoa Wave Alpha, iliyotengenezwa Vietnam kwa bei iliyoshushwa, na wateja wakarudi. Motari wa Goma wanaobishana kila siku kuhusu mchina na muhindi wanarudia mjadala ule ule: bei ya leo, ao miaka ambayo chombo kitadumu?

Na Kongo?

Kongo ilipokea pikipiki hizo tangu mwanzo wa miaka ya 2000, wakati barabara zilikuwa zimeharibika na vita vilikuwa vimewaacha vijana wengi bila kazi. Kisangani ilikuwa tayari na toleka, taksi za baiskeli. Pikipiki ikachukua nafasi. Kinshasa waendeshaji wakaitwa wewa, Mashariki wakaitwa motari. Nyingi hufika zikiwa vipande ndani ya masanduku, kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam, na mafundi wa mjini ndio wanaozifunga. Fundi wa Birere ao wa Kadutu anajua moteri ya TVS kama anavyojua mkono wake. Anachomelea porte-bagage, anaimarisha fremu, anabadilisha rezoro.

Ujuzi upo, basi, ila unaishia kwenye kutengeneza kilichoharibika. Bei ya chombo chenyewe inakwenda Pune, Hosur ao Guangdong. Na pesa hizo zinafanya kazi huko. Mwezi wa Aprili 2020, TVS ilinunua Norton, moja ya majina ya heshima kabisa ya Uingereza. Tangu 2023 Bajaj inatengeneza pikipiki za Triumph India, na mwaka 2025 ndiyo iliyotoa pesa za kuokoa KTM ya Austria. Pesa anazohangaikia motari wa Beni kulipa pikipiki yake zimo, kwa kiasi kidogo, ndani ya ununuzi huo.

Sasa mlango mwingine unafunguka. Ng'ambo ya mpaka, Kigali, kampuni ya Ampersand inaendesha taksi-moto za umeme tangu 2019: motari anafika kituoni, anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa. Moteri ya umeme inazungushwa na nyaya za shaba, na shaba inatoka Katanga. Aina fulani za betri zinahitaji kobalti, na sehemu kubwa kabisa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo. Lakini kuwa na mawe hakujawahi kumfanya mtu kuwa mtengenezaji. India iliwalazimisha wageni kutengeneza ndani na kufundisha. China ilibadilisha viwanda vya silaha. Kongo haijachagua njia yake, na malori ya Kolwezi yanaendelea kwenda bandarini.

Hamamatsu ya mwaka 1946 haikuwa na mgodi wa kobalti. Ilikuwa na fundi mmoja, moteri ndogo zilizoachwa na jeshi, na watu waliochoka kupiga baiskeli.